Kamba ya Nailoni Juu ya Mafiga

Tukuyu, Jumapili jioni

Atupele mwanangu,

Sitaanza na salamu. Tumesalimiana asubuhi, na ukirudi kutoka kuaga kwa shangazi yako utanisalimu tena kana kwamba hatujaonana mwezi mzima. Naandika sasa wakati haupo, kwa sababu ukikaa mbele yangu mdomo wangu unakuwa mzito. Mimi huyu, ambaye madereva wa malori pale sokoni wakiniona nimeshika kiuno wanazima injini wenyewe. Kwa jambo hili moja nimekuwa bubu kwako miaka yote, na kesho alfajiri unapanda gari.

Barua hii nitaiingiza ndani ya mfuko wa hiyo kaiti ya kazini kwenu, lile tiara kubwa la kuchezea baharini, katikati ya mikunjo, maana najua huo mfuko hutaufungua mpaka ufike Unguja. Usinikasirikie. Ningeiweka kwenye pochi yako ungeisomea Mbeya, halafu ungeshuka na mabegi yako urudi kuniuliza, na mimi sitaki urudi. Nataka uwe umefika, umepewa chumba, umeoga, ndipo usome.

Sitakuandikia habari za kula na kulala wala wanaume. Umekua, na hayo tumeyasema jikoni mpaka wewe mwenyewe ukawa unamalizia sentensi zangu kwa kunicheka. Nataka kusema habari za kamba iliyomuua kaka yako Ambwene. Unadhani unajua nani aliiharibu. Umeishi na hilo tangu una miaka kumi, na mimi nimekuona ukiishi nalo, nikanyamaza.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni ile Alhamisi. Ulipoitandaza kaiti uani majirani wote walikuja. Mama Tumpe akasema hema la harusi limeanguka kutoka mbinguni, watoto wakataka kuingia chini yake, na wewe ukawaeleza bila kuchoka: huu ubavu wa mbele una mpira ndani, unajazwa upepo kwa pampu, upepo wa bahari unaibeba juu, mtu anajifunga mkanda kiunoni, anasimama kwenye ubao majini, na kati yake na kitambaa kule juu hakuna kitu ila kamba nne nyembamba. Nikakuuliza, zikikatika je? Ukasema inategemea imekatika ipi, na mtu yuko wapi. Ukaongeza kwamba kuna mgeni mmoja aliburutwa mpaka kwenye matumbawe. Ulisema huku unaangalia pembeni.

Nilifurahi siku ile, nisikudanganye. Bosi wako alikupa iliyochanika uje nayo nyumbani, ukiirudisha inashika upepo chumba chote cha vifaa kinakuwa mikononi mwako. Nilikipapasa kile kitambaa, chepesi kama ganda la kitunguu, nikajisemea kumbe na mimi bado nina kazi duniani. Tukabishana kuhusu sindano. Wewe ulitaka kushona moja kwa moja, mimi nikasema kila tundu la sindano ni mlango wa kuchanikia, tubandike tepu kwanza pande zote mbili halafu tushone kwa hatua ndefu. Tena kwa uzi wa poliesta, maana wa pamba unakunywa maji na kuoza ndani kwa ndani huku juu unaonekana mzima. Tukaujaza mpira upepo, tukaupaka povu la sabuni mwili mzima, na pale povu lilipochemka tukatia alama na kuziba. Ulicheka uliposema huko kwenu wana dawa maalum ya kutafutia tundu, inakuja kwa ndege, na ni sabuni hiyohiyo.

Halafu zikabaki kamba. Ukazifunga kwenye mparachichi, ukazivuta mpaka kwenye migomba kuona kama zinalingana, maana moja ikirefuka kuliko wenzake kaiti inapinda na mtu haiwezi. Mvua ikashuka. Si unaijua mvua yetu, haipigi hodi. Tukazikusanya mbiombio zimejaa tope, tukazisuuza kwenye ndoo, ukaingia nazo jikoni zinachuruzika. Na mimi, nikiwa nimeinama namenya ndizi, bila kufikiri, nikasema, "Ziweke juu pale kwenye kichanja zikauke."

Maneno yaleyale, Atupele. Kwa sauti ileile ya mtu mwenye haraka. Nilipoyasikia yanatoka nikatamani kuyarudisha.

Hukupandisha sauti. Ulisema, "Mama, mimi siweki tena kitu juu ya moto." Ukatoka, ukakaa barazani, ukazikausha kwa kitenge chako kipande kwa kipande mpaka giza likaingia. Nilikuona kwa mlango. Kila ulipofika mwisho ulirudi mwanzo ukazipapasa upya. Kuna moja nzuri kabisa uliikata ukaitupa, nikaiokota baadaye nikaivuta kwa nguvu zangu zote na haikuwa na kasoro hata moja. Hapo roho iliniuma. Mtu anayekata kamba nzima kwa hofu atafika siku atachoka na hofu hiyo, na siku hiyo atapitisha mbovu. Huwezi kuishika kazi hiyo na mikono inayotetemeka, na mimi ndiye niliyekupa hiyo mitetemo.

Sasa nisikilize toka mwanzo, maana ulikuwa mdogo.

Zamani kamba huku ilikuwa ya katani. Na huku kwetu kitu kikishalowa hakina jua la kukikausha. Mahindi ya mbegu, kuni, maharage, hata madaftari yenu mlipoyaangusha mtoni, vyote vilipanda kichanjani juu ya mafiga. Katani isipopata moshi inaota ukungu na kukatika kama uzi wa buibui. Ikipata moshi inadumu. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yake vilevile. Hakuna aliyefundishwa, mtu unazaliwa unaona kamba iko juu pale.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu. Ushirika ukafa, baba yako aliyekuwa karani wa mizani wakampunguza kazini, akaenda Chunya kutafuta dhahabu akarudi na kifua kibovu, tukamzika hujaanza shule. Mimi nikabaki kijijini Lupepo na wanangu wawili, kwenye shamba la migomba la ukoo wake. Ule utaratibu wa zamani ulipokufa, matajiri wa Dar wakaanza kuja wenyewe na malori kuchukua ndizi na viazi mlangoni kwa mkulima, na kila lori lilikuja na turubai lililochanika. Nikanunua cherehani. Nikawa fundi maturubai, mwanamke peke yangu, nikashona viraka mpaka vidole vikaota sugu. Walinicheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanapanga foleni.

Na madukani ikaingia nailoni. Ya bluu, inateleza, nyepesi, haiozi hata ukiisahau matopeni. Tuliishangilia kweli. Nikanunua ya kwangu niwe nawaazima wenye malori wasiokuwa na kamba. Na ilipolowa tukaifanyaje? Tukaipandisha kichanjani, kama katani. Si nyumba yetu tu, Lupepo nzima. Hakuna aliyetuambia kwamba nailoni haitaki moto, kwamba joto linaikausha uhai wake wote huku rangi inabaki ileile. Aliyetuuzia alikuwa anauza.

Kwa hilo sijilaumu sana, na wewe usijilaumu hata chembe. Ulitumwa. Nilikuambia panda, weka, ukapanda ukaweka. Mtoto wa miaka kumi anapotumwa na mama yake jikoni hana la kuuliza.

Ila lichukue kama funzo, maana wewe ni mtu wa Tukuyu na kosa hilo utakwenda nalo kwenye begi usijue. Huku jua tunaliabudu. Likitoka hata kwa saa moja tu tunatoa magodoro, tunatoa na bibi kizee tunamweka nje. Utakaporudi huko kwenye jua la siku nzima, mikono itakuwasha kuzianika kaiti zote mchangani toka asubuhi, na utajiona mchapakazi. Ulishaniambia mwenyewe kwamba jua ndilo linalokula kile kitambaa kuliko bahari. Zisuuze chumvi kwa maji baridi, zikaushe kivulini, kung'uta mchanga kabla hujakunja, maana mchanga ukikunjwa ndani unasaga kama jiwe. Hayo unayajua kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba siku utakayokuwa umechoka, mikono yako itataka kufanya ilichozoea kuona kwa mama yako. Siku hiyo isimamishe. Na kila kinapokuja kitu kipya, uliza kinataka nini kabla hujakipa kile ambacho cha zamani kilitaka. Ukikosa wa kumuuliza, kata kipande kidogo ukijaribu.

Haya. Sasa niendelee, mkono wangu usije ukapata kisingizio.

Ambwene alikuwa amepata kazi ya utingo kwenye lori la tajiri mmoja wa ndizi. Unakumbuka alivyotamba, alitembea kijijini na kofia ya dereva kana kwamba lori ni lake. Juma lile mvua haikukatika. Kamba ilirudi imelowa, wewe ukaiweka juu, ikashushwa ikarudi imelowa tena, ukaiweka juu tena. Moto ulikuwa mkubwa kwa sababu nilikuwa napika pombe ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Asubuhi ya Ijumaa lori likaja kupakia kwetu, ndizi zikapangwa mpaka zikapita mbavu za lori, turubai likavutwa juu, ikabaki kufunga. Kaka yako akakaa juu ya mzigo, kama matingo wote wanavyokaa, na lori likaondoka.

Kwenye mteremko kabla ya kufika barabara kuu, pale penye kona, kamba ikakatika. Mzigo ukaenda upande mmoja, yeye akaanguka nao, ukamfunika. Walimtoa chini ya mikungu akiwa bado anapumua, wakamkimbiza hospitali, hakufika. Dereva alirudi jioni kuniletea kamba. Ilikuwa vipande viwili, aliishika kila mkono kimoja, na alikuwa analia. Yule dereva hakuwa na kosa, nataka ulijue hilo pia.

Sasa msiba. Hapa ndipo unapopakumbuka wewe, na ndipo nilipokosa kuliko mahali pengine popote.

Tulipotoka kuzika, ukoo wa baba yako ukakaa ndani kama ilivyo desturi, kutafuta sababu. Kijana mzima hafi hivihivi kwetu. Baba yako mkubwa ndiye aliyeongoza, na alikuwa mtu mwenye haki, sikumwona na chuki. Aliwauliza wote. Mzigo ulipangwa na nani, turubai la nani, dereva alikunywa au hakunywa. Wengine walishaanza kunong'ona kwamba mwanamke huyu amezika mume, sasa mtoto wa kiume, kuna nini katika nyumba hii. Nilisikia. Najua kinachofuata baada ya minong'ono ya namna ile. Mjane anaambiwa arudi kwao, shamba linabaki la ukoo, na watoto wanabaki kwa baba mkubwa. Na sasa nilikuwa na mtoto mmoja tu.

Baba mkubwa akaichukua ile kamba, akaivunja ncha yake kwa vidole. Ikavunjika kama tambi mbichi. Akauliza taratibu, "Kamba hii imepata moto. Nani aliyeiweka motoni?"

Ulikuwa umekaa chini, umeegemea goti langu. Nilihisi pumzi yako kwenye mguu. Na mimi nikajibu, "Ni Atupele."

Sikusema nilimtuma. Sikusema tunafanya hivyo sote. Nilisema jina lako nikaishia hapo. Nilisema wewe kwa sababu mtoto hafukuzwi. Ndivyo nilivyojitetea miaka yote, kwamba nilifanya hivyo tusitenganishwe, na ni kweli, lakini si kweli yote. Niliogopa vilevile wasije wakaniangalia mimi, wakaendelea kuuliza.

Baba mkubwa alikuita, akakuwekea mkono kichwani, akasema mtoto hajui, tumemsamehe, na wote wakaitikia. Kesi ikaisha. Wakaenda kula.

Ningejua ule msamaha utakufanyia nini ningekubali wanifukuze usiku uleule. Walikusamehe siku ile na hawakuacha. Kila harusi, kila ubatizo, kila ulipopita njiani, shangazi huyu anakuvuta pembeni anakushika shavu kwa huruma, baba mdogo yule anakwambia usijali mwanangu, Mungu Kyala anajua. Mtoto hata umesahau kidogo, unacheza, mtu anakuja kukusamehe upya. Ukaacha kucheza. Ukaacha kuingia jikoni moto ukiwaka. Darasa la sita uliniuliza kama Ambwene kule aliko anakuona, nikakujibu kamalizie kufua. Tulipohamia hapa mjini nilijiambia ni kwa ajili ya biashara ya maturubai. Nilikuwa nawakimbia wale wa kukusamehe.

Na bado sijamaliza. Lililobaki hakuna mtu duniani aliyewahi kulisikia.

Asubuhi ile ya Ijumaa ni mimi niliyeishusha kamba kichanjani. Wewe ulikuwa shule. Niliishika nikajua. Mimi ni fundi, Atupele, mikono yangu inajua kitu kibovu kabla macho hayajaona. Ilikuwa imekakamaa, haikunjiki vizuri, na mahali pawili nyuzi zilikuwa zimeshikana zimekuwa nyeupe. Nilisimama nayo pale jikoni nikijua kabisa kwamba kamba hii si kamba tena. Nje lori bado halijapakiwa, tajiri anapiga honi, anasema kama hakuna kamba atakwenda kupakia Igogwe na utingo atampata hukohuko. Niliona kazi ya Ambwene inakwenda. Niliona aibu ya kusema mbele ya wanaume wale kwamba mama fundi hana kamba.

Ambwene akaingia kuichukua. Akaikunja mara moja mkononi, akaniangalia. Alikuwa na mikono yangu, yule mtoto. Akaniuliza, "Mama, mbona ngumu hivi?"

Nikamwambia, "Ni baridi tu. Ikipata jua la njiani italainika."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Akaitupia begani akatoka anapiga mluzi.

Kwa hiyo siku ile baba mkubwa alipouliza nani aliyeiweka motoni, swali lilikuwa la bahati kwangu. Angeuliza nani aliishika mwisho, sijui ningejibu nini. Aliuliza lile ambalo jibu lake lilikuwa jina lako, nikalichukua kama mtu aliyetupiwa mwamvuli kwenye mvua. Wewe hukuua mtu. Kama usingeiweka juu siku ile ningeiweka mimi. Na hata baada ya kuharibika, kulikuwa na mtu mmoja aliyejua imeharibika, akaulizwa na yule aliyekuja kuichukua, akasema uongo. Sikumbuki siku niliyolala bila kusikia lile swali lake.

Nimewahi kukaribia kukuambia. Ulipofaulu mtihani nilipika kuku, nikakuita, nikakwambia kuna jambo, halafu nikasema juu ya sare za shule. Ulipoanza kujifunza cherehani na nikaona unashona vizuri kuliko mimi, nilisema leo, na haikuwa leo. Nadhani nilikuwa nangoja uniulize. Mtoto anamuulizaje mama yake jambo ambalo mama amemfundisha kwamba ni lake?

Sitaki kukuwekea masharti katika barua, lakini la kazi yako lazima niliseme, kwa sababu nimelinunua. Utakapokuwa na chumba kile cha vifaa, siku itakuja mgeni amesimama mlangoni amevaa mkanda, upepo ni mzuri, amelipia kutoka kwao, bosi anakuangalia, na kamba uliyoshika itakuwa na mahali pamoja ambapo vidole vyako vimesita. Hakuna atakayejua ila wewe. Hapo usiseme ni baridi tu. Usitafute neno la kumtuliza mtu. Sema hii haitoki, basi, na kama watakufukuza kazi njoo nyumbani tushone maturubai. Lakini ile ambayo vidole vimeipita bila kusita, iachie iende. Usiikate kwa sababu ya Ambwene. Mikono yako haina kosa, haijawahi kuwa na kosa, na mimi fundi wako ndiye ninayekwambia.

Na kile kifungulio cha dharura ulichonionyesha, kinachomtenga mtu na kaiti mambo yakiharibika, kioshe mchanga kila jioni kabla ya kitu kingine chochote. Nilipokiona nilitamani kulia. Nilifikiri, watu wengine waliwaza mapema namna ya mtu kuachana na kinachomuua.

Nimesikia mlango wa uani, nadhani umerudi, kwa hiyo nafupisha.

Unaweza kunichukia. Nimekaa nalo hilo na nimelikubali. Ukitaka kukaa miaka bila kuniandikia, kaa. Ukitaka kuniandikia matusi, andika, nitayasoma yote. Kitu kimoja tu sitaki: usinisamehe haraka. Nimeona msamaha wa haraka unavyofanya.

Baba yako mkubwa bado yupo Lupepo. Macho yamemwishia lakini masikio yanasikia, na wale waliokaa kikao kile wengi bado wako hai. Kesho nikishakusindikiza stendi sirudi nyumbani. Nitapanda Lupepo kwa miguu, nimwambie awaite. Shamba lile mpaka leo liko mikononi mwangu kwa neema ya neno nililosema siku ile, na wakilitaka nitawaachia na ndizi zilizokomaa. Utakapokuwa unasoma hapa nitakuwa nimeshakaa mbele yao, nimeshamwomba aniulize upya, na safari hii aulize vizuri: nani aliishika mwisho.

Mama yako